Majina Kumi na Moja

Jina lake alilisoma kichwa chini miguu juu. Kwa mkunja karatasi hilo si jambo la ajabu. Karatasi kubwa hutoka kwenye mashine ya chapa ikiwa na kurasa nane upande huu na nane upande wa pili, nusu zimesimama, nusu zimepinduka, na aliyezoea kazi husoma zote bila kugeuza shingo. Mwanamke huyu alikuwa amezoea. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akikunja, akishona na kujalidi vitabu katika kiwanda hicho kidogo. Wenzake walimwita Sindano, kwa sababu ya kazi yake, na wengine wakasema ni kwa sababu ya ulimi wake.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kitabu cha chuo kikuu, nakala mia sita, jalada gumu la kijani. Kilisimulia historia ya miaka thelathini ya Mfuko wa Jamii Ndogo, ule unaowasomesha watoto wa zile jamii ambazo nchi huzikumbuka wakati wa sensa. Ukurasa wa thelathini na moja ulikuwa na orodha ya wanafunzi kumi na wawili wa kwanza. Yeye alikuwa wa tisa. Jina lake, la baba yake na la babu yake, hakuna hata herufi iliyokosewa. Mbele ya jina paliandikwa: *Aliachishwa mwaka wa pili. Alishindwa masomo.*

Akaikunja karatasi ile, akachukua nyingine. Nayo ilisema hivyohivyo.

"Vipi, umeona jini?" akauliza Bi Gundi. Huyu alikuwa mkongwe wa kiwanda, mwenye chungu cha gundi na habari za kila mtu. Macho yake hayakuwa mabovu kama alivyopenda kudai kazi ndogondogo zikija.

"Nimeona kosa."

"La chapa?"

"Sijui bado."

"Kama si la chapa, si letu. Kunja, mama, kunja."

Akakunja. Kwanza alishikwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na hesabu. Mwaka ule darasa la hesabu lilikuwa na watu mia moja na arobaini, na yeye alikuwa wa tatu. Mtu wa tatu ameshindwaje? Lakini barua ya kumwachisha ilisema hivyo, na baba yake alimpa mwalimu wa kijiji aisome mbele ya watu, akidhani ni ya pongezi. Tangu siku hiyo, watu wa kwao bondeni, ambao tayari walisemwa mjini kwamba hawawezi kuhesabu kupita vidole vyao, walipata mfano wa kwao wenyewe. Sindano alihama. Aliolewa mbali, akazaa, na watoto wake hakuwaambia kitu. Aliona ni nafuu mtu kutokwenda kabisa kuliko kwenda akarudishwa.

Saa ya chai hasira ilitulia, ikaja hofu. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa ameomba nafasi katika Mfuko huohuo na akakubaliwa kwa muda, akisubiri kuthibitishwa. Sharti la kwanza la Mfuko lilikuwa hili: mwombaji awe wa kwanza katika nyumba yao kuandikishwa chuo kikuu. Fomu iliuliza kama kuna mzazi au ndugu aliyewahi kuandikishwa, na Kitinda, kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo, alijibu *Hakuna*. Mstari wa juu yake ulitaka jina la mama. Aliyajaza yote matatu, la mama, la babu na la baba wa babu.

Yeyote atakayeweka fomu ile kando ya kitabu hiki ataona. Na vitabu vilikuwa vinatakiwa ndani ya siku kumi.

&nbsp;

Alipofika nyumbani alimkuta Kitinda ameitandaza barua ya Mfuko mezani, na baba yake ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Baba alikuwa fundi wa vigae. Alitumia maisha yake amepiga magoti kwenye sakafu za watu, na sasa magoti yalikuwa yanamdai. Siku tatu kwa wiki alifanya kazi, siku nne alikaa na beseni. Wote watatu walijua kwamba bila Mfuko hakuna chuo.

"Barua hii tangu ije imesomwa kuliko gazeti," baba akasema. "Itachakaa kabla hujafika."

"Baba, sikiliza basi. 'Uthibitisho wa mwisho utafanywa mbele ya ofisa wa Mfuko, mzazi mmoja akiwepo.' Jumatatu ijayo. Mama, uombe ruhusa kazini."

"Nitaomba."

"Na kuna sherehe ya miaka thelathini! Kila mwanafunzi mpya anapewa kitabu cha historia. Si ndicho hicho mnachokitengeneza? Niibie kimoja, Mama, nikisome kabla ya wenzangu."

"Vya watu hivyo. Tukitoka na hata ukurasa, bosi anatupekua."

Bosi hakuwahi kumpekua mtu. Kitinda akacheka, akachukua ndoo akaenda bombani. Mlango ulipofungwa, mume akamtazama mkewe kwa muda.

"Kuna nini? Umeingia hapa kama mtu aliyefiwa na anatafuta pa kuanzia kusema."

Akamweleza. Mume peke yake ndiye aliyejua habari ya chuo, na hata yeye alijua nusu. Alisikiliza huku akisugua goti.

"Tungewaambia watoto mapema," akasema.

"Tungewaambia nini? Kwamba mama yao alifukuzwa kwa ujinga?"

"Wewe ulisema tunyamaze, nikanyamaza. Mimi mtu wa vigae, nikipewa ramani nafuata." Akasugua goti la pili. "Huyo mkubwa wa Mfuko, si mlisoma pamoja?"

"Pamoja kabisa. Tulikuwa tunamwita Mkia."

"Kwa nini?"

"Hakuna mtihani ambao hakuushika."

Mume akacheka mpaka maji yakamwagika sakafuni. Halafu akaona mwenzake hacheki.

"Na huyo hawakumwachisha?"

"Wafadhili walipokuja kula chakula cha mchana, yeye ndiye aliyesimama kushukuru. Alishukuru vizuri sana. Mmoja alitoa leso akafuta macho."

"Basi nenda kwake. Mlango hauwezi kukuuma."

&nbsp;

Mlango haukumuuma, ila katibu wa Mkurugenzi alijaribu. Alimtazama Sindano kuanzia viatu kwenda juu, akaishia kwenye bahasha kubwa aliyoikumbatia.

"Mizigo inapokelewa mlango wa nyuma, mama."

"Sina mzigo. Natoka kiwanda cha chapa. Nina neno na Mkurugenzi kuhusu kitabu."

"Una miadi?"

"Kitabu kina kosa. Kama anaweza kusubiri mpaka nipate miadi, mimi pia naweza."

Akaambiwa akae. Alikaa saa mbili kwenye benchi, mbele ya picha za wafadhili waliotabasamu kwa zamu. Watu walioingia na kutoka walimpa salamu ile ya kumpita mtu. Hatimaye akaitwa.

Mkurugenzi alikuwa amenenepa na mvi zilikuwa zimemkaa vizuri. Hakumtambua. Alimwonyesha kiti kwa kalamu.

"Kosa gani, mama? Si tulipitisha kila kitu?"

Sindano akatoa karatasi kwenye bahasha, akaiweka mezani, akaigeuzia upande wake na kuweka kidole kwenye jina la tisa. Mkurugenzi akasoma. Akaangalia kidole, akapandisha macho taratibu mpaka usoni. Kisha akainuka, akaenda kufunga mlango, na aliporudi alikuwa amehamia lugha ya nyumbani, ile ya bondeni, ambayo katika chuo kile ilizungumzwa na wapishi wawili tu na yeye, mlango ukifungwa.

"Dada," akasema. "Kumbe uko mjini hapahapa."

"Miaka yote. Hukutafuta."

"Orodha hii aliiandaa mtu wa kumbukumbu. Alinakili mafaili kama yalivyo. Sikuipitia neno kwa neno."

"Mafaili yaliandikwa na nani?"

"Na waliokuwepo."

"Mwaka ule mimi nilikuwa wa ngapi? Na wewe ulikuwa wa ngapi?"

"Tusianze hayo."

"Nauliza tu, Mkia. Mimi nilikuwa wa tatu. Mbona aliyeshindwa ni mimi?"

Mkurugenzi akavua miwani. Pengine hakuna aliyemwita jina lile kwa miaka ishirini, na lilimpata pale lilipokuwa likimpata zamani, masikioni, ambako haya yake ilianzia. Alieleza kile ambacho wote wawili walikijua. Mwaka wa pili mfadhili alipunguza fedha. Kanuni haikuruhusu kumwachisha mwanafunzi kwa kukosa fedha, iliruhusu kwa kushindwa masomo. Kwa hiyo walitafutwa wanne ambao nyumbani kwao hakukuwa na mtu wa kuja kuuliza, wakashindwa masomo.

"Na wewe ulikuwa unajua," Sindano akasema.

"Nilijua baadaye."

"Baadaye lini?"

Akafuta miwani, akaivaa tena. Sindano hakumsukuma, kwa sababu hilo silo lililomleta. Alimweleza habari ya Kitinda. Mkurugenzi akafungua kabati, akatoa faili, akasoma fomu ile tangu mwanzo mpaka mwisho, na alipomaliza akaifunga polepole.

"Huyu ni wako?"

"Ni wangu. Ameandika anachokijua. Mimi ndiye sikumwambia."

"Mtoto ana alama nzuri kuliko wote wa mwaka huu."

"Najua. Sharti hilo halina mlango? Nilikaa mwaka mmoja na nusu tu. Sikutoka na cheti, nilitoka na barua."

"Sharti linasema *kuandikishwa*. Halisemi kuhitimu."

"Nani aliliandika?"

"Mimi," Mkurugenzi akasema. "Nilitaka nafasi ziende kwa wale ambao hawajawahi kugusa chuo kabisa. Watoto wa walimu walikuwa wanazimaliza."

Hapo Sindano alitamani mwenzake angekuwa mtu mbaya tu, ingekuwa rahisi. Mkurugenzi aliinamia meza, akazungumza kama anayepanga mawe. Akiandika ukweli, kwamba wanne waliachishwa kwa sababu ya fedha, mfadhili wa leo atauliza ni nini kingine kilichofichwa kwa miaka thelathini, na Kitinda atatolewa siku hiyohiyo kwa sababu mama yake aliandikishwa. Akiacha kitabu kama kilivyo, yeyote atakayelinganisha majina atampeleka mtoto mbele ya kamati kama mwongo.

"Njia ya tatu ni nikutoe," akasema.

"Unitoe vipi?"

"Jina lisiwepo. Mafaili ya zamani yako kwangu, hayasomwi na mtu. Kitabu kikitoka bila wewe, hukuwepo. Fomu ya mtoto inakuwa sawa."

"Sawa kwenye karatasi."

"Dada, hapa chuoni kila kitu ni karatasi."

Iliuma, na hakuona haja ya kujidanganya kwamba haiumi. Kwa miaka yote alijiona ameandikwa mahali kwa uongo. Hakuwahi kufikiria kwamba siku moja ataombwa aufute uongo huo pamoja na nafsi yake, na kwamba ataona ni ombi la maana. Alifikiria magoti ya mumewe. Alimfikiria Kitinda na ndoo.

"Ukurasa utachapwa upya?" akauliza.

"Itabidi."

"Basi na wale watatu wengine, lile neno liondoke. Karatasi ni ileile, wino ni uleule, haitakugharimu kitu."

"Hao hawakuja kuomba."

"Mmoja amekufa. Atakuja vipi?"

Mkurugenzi akachukua kalamu. Alikata *alishindwa masomo* mara tatu, juu yake akaandika *hakuendelea*. Jina la tisa akalikata lote kwa mstari mmoja.

"Utangulizi unasema kumi na wawili," Sindano akamkumbusha. "Na ukurasa wa hamsini na nane."

"Ziache. Watu wanasoma kichwa cha habari, hawahesabu."

Sindano alipofika mlangoni, Mkurugenzi akamwita tena, bado kwa lugha ya nyumbani. "Mtoto asijue. Sasa hivi amekosea kwa kutojua. Akijua akanyamaza, amedanganya, na kamati humwuliza mwanafunzi ana kwa ana. Umenielewa?"

"Nilikuwa wa tatu," Sindano akasema. "Nimeelewa."

&nbsp;

Bosi wa kiwanda alipiga kelele asubuhi nzima. Chuo kingelipa gharama, hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni kwamba vitabu vyote vilikuwa vimekwisha kushonwa. Ukurasa wa thelathini na moja na wa thelathini na mbili ni karatasi moja, ya mwisho katika fungu lake, na huwezi kuing'oa, kwa sababu karatasi ya upande wa pili wa mshono itaifuata. Ni lazima ikatwe kwa kisu chembamba na rula ya chuma, ubaki ulimi wa karatasi usiozidi upana wa ukucha, ndipo karatasi mpya ipakwe gundi na kukalishwa juu ya ulimi ule.

"Nani ana mkono wa kufanya hivyo mara mia sita?" bosi akauliza, akijua.

Sindano alikata siku tatu. Kazi yenyewe haikuwa ngumu, ilitaka utulivu tu, na yeye aliupata. Aliweka rula, alivuta kisu, aliinua jina lake na kulitupa kwenye sanduku lililokuwa sakafuni. Kufikia kitabu cha hamsini hakulisoma tena. Kufikia cha mia mbili alikuwa anafikiria kununua shuka za Kitinda, kwa kuwa bweni halitoi.

Bi Gundi alikaa mkabala naye akibandika karatasi mpya. Siku ya pili akasimamisha brashi.

"Hebu subiri. Utangulizi unasema walikuwa kumi na wawili. Hapa nahesabu majina kumi na moja. Nimehesabu mara mbili."

"Mteja kasema iachwe."

"Na huyo mmoja kaenda wapi, kaliwa na mamba?"

"Kaenda zake."

"Wasomi hawa! Mimi nikikosa brashi moja nakatwa mshahara, wao wamepoteza mtu mzima na wanafanya sherehe."

Aliinama kuchukua karatasi moja kutoka kwenye sanduku, ya zile zilizokatwa, ili alinganishe. Sindano hakumzuia, angemzuiaje bila kusema? Bi Gundi aliisoma akiwa ameishikilia mbali, midomo ikitembea. Jina kamili la Sindano alilijua vizuri, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi walisimama foleni moja ya mshahara na karani aliyaita majina yote matatu kwa sauti kubwa.

Kisha akairudisha sandukuni.

"Takataka hizi zinakwenda wapi?"

"Kwa mnunuzi wa karatasi chakavu. Kama siku zote."

"Akazifungie karanga, zizagae mji mzima? Hapana." Aliliburuta sanduku kwa mguu mpaka kwenye jiko la kupashia gundi. "Kuni zimekuwa ghali. Nitachomea hizi."

"Bi Gundi..."

"Niache. Macho yangu mabovu, sioni hata ninachochoma."

Kwa siku mbili gundi ilichemka kwa moto wa karatasi. Mwisho wa kazi ilibaki moja, iliyojificha chini ya meza. Sindano aliiokota akafikiria kuikunja mara nne na kuitia kwenye mkoba. Ingekuwa ya kwake tu, si ya kumwonyesha mtu. Lakini aliijua nyumba yake. Vyumba viwili, na Kitinda ndiye aliyefagia na kupanga vitu. Akaitia jikoni kwa mkono wake mwenyewe.

&nbsp;

Jumatatu walifika mapema. Kitinda alikuwa amevaa blauzi aliyoipiga pasi mara mbili, na alimtembeza mama yake ndani ya jengo akimshika kiwiko, akimsomea vibao vya milango. "Hapa ni Maktaba, Mama. Hapa ni Mhasibu. Twende huku, usipotee." Mama alifuata.

Ofisa wa Mfuko alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa taabu. Aliwapa viti, aliwauliza safari. Alipoanza kumwuliza mama, alipandisha sauti na kuyatenganisha maneno, kama watu wafanyavyo na wagonjwa.

"Mama. Hapa. Tunaandika. Elimu yako. Umefika. Wapi?"

"Andika sekondari," Kitinda akadakia. "Mama hakufika chuo. Nyumbani kwetu hakuna aliyefika."

"Mama, ni kweli?"

"Ndivyo alivyosema."

"Inabidi useme wewe, mama. Ni utaratibu."

"Ni kweli," akasema.

Kijana akaandika. Halafu akasoma kiapo, sentensi baada ya sentensi, na kila sentensi akasimama kuuliza kama imeeleweka. *Mimi, mzazi wa mwombaji, nathibitisha kwamba sijawahi kuandikishwa katika chuo kikuu chochote.* Imeeleweka. *Nafahamu kwamba nikisema uongo, nafasi itafutwa.* Imeeleweka. Alipomaliza aliigeuza karatasi, akaonyesha mahali pa saini, na bila kufikiria, kwa namna ya mtu aliyefanya hivyo na wazazi wengi wa jamii ndogo, akasogeza mbele kisanduku cha wino na kukifungua kifuniko.

"Mama anajua kuandika!" Kitinda akasema. Shingo yake iliiva. "Anafanya kazi ya vitabu!"

"Samahani. Samahani sana, mama." Kijana akapapasa mezani kutafuta kalamu, akaipata, akamnyooshea.

Sindano aliitazama kalamu. Alikuwa amejiandaa kusema, na amesema. Alikuwa amejiandaa kusikia kiapo chote bila kutikisa uso. Jambo moja hakuliwazia, kwamba atatakiwa kuliandika jina lake, yote matatu, kwa mwandiko uleule aliojiandikishia chuoni humu akiwa na miaka kumi na tisa. Mkono ukakataa. Si kwa ushujaa wowote. Ulikataa tu, kama goti la mumewe linavyokataa ngazi. Kidole gumba hakikuwahi kusoma popote. Alikichovya kwenye wino akakibana kwenye karatasi.

Kijana alishusha macho kwa heshima. Kitinda aligeukia dirisha. Muhuri ulipigwa, barua ikatiwa saini, wakatoka.

Binti alitembea mbele mpaka nje, kwenye ngazi, ndipo alipogeuka. Macho yalikuwa yamejaa.

"Mama, umenifanyia nini mle ndani? Nimeshamwambia unajua kuandika, unatia kidole! Sasa nitaonekana mtoto wa mtu asiyejua hata a. Kila nikipita mlango ule atakumbuka."

"Muhuri amepiga?"

"Amepiga, lakini..."

"Nipe niuone."

Kitinda akampa barua. Sindano aliishika kwa vidole vinne, gumba amelinyanyua lisichafue, akaisoma yote, pamoja na yale maandishi madogo ya chini ambayo watu huyaruka. Nafasi imethibitishwa. Ada imelipwa kwa miaka minne. Furaha ilimjia kwa nguvu, furaha ya kweli isiyo na kona, na kwa sababu ya furaha hiyo akasahau kuchunga mdomo.

"Wamekupa bweni la tatu," akasema. "Omba chumba cha ghorofani. Chini maji hupanda kutani mvua zikianza, vitabu vinaota ukungu. Na kitanda usikubali cha karibu na bafu."

Kitinda alikuwa anafuta macho kwa mkono wa blauzi. Mkono ukasimama.

"Umejuaje?"

Wanafunzi watatu walipanda ngazi, wakawapisha kila mmoja upande wake, wakapita. Sindano aliikunja barua kwenye mikunjo yake, akaipitishia ukucha kama afanyavyo kazini. Maneno yalikuwa pale, karibu kabisa, na yalikuwa mengi. Binti huyu angeyapenda, labda kuliko barua. Na kuanzia hapo, kila kamati itakapomkalisha kitini na kumwuliza, angekuwa na la kuficha.

"Watu husema," akajibu.

"Watu gani, Mama? Kwetu nani amewahi kufika huku?"

"Hakuna," mama akasema, akamrudishia barua yake. "Wewe ndiye wa kwanza."